Somo la Afya: Kifafa na Tegu wa Nguruwe

Somo la leo ni juu ya kifafa.

Mtu akianguka na kutikisika, wengine hukimbia kwa kuogopa povu lake. Hivyo wako walioungua motoni kwa kukosa wa kuwavuta. Povu hilo haliambukizi. Kifafa si pepo. Ni ugonjwa wa ubongo. Mwondoeni mgonjwa penye moto, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu kinywani.

Kifafa kina sababu nyingi. Moja iko nyumbani kwetu: tegu wa nguruwe. Nguruwe 770 wa Mbulu walitazamwa ulimi, na habari zilizotolewa mwaka 2004 zilisema kwamba karibu 17 katika kila 100 walikuwa na vifuko vya tegu. Alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo. Mtu akiyameza kwa mikono au chakula kichafu, vijidudu huingia katika damu, hufika ubongoni na kuwa vifuko. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe aweza kuugua.

Basi, chimbeni vyoo, fungieni nguruwe, naweni mikono, pikeni nyama mpaka iive kabisa. Mwenye kifafa apelekwe hospitali, kama ile ya Haydom. Akipewa dawa, anywe kila siku, wala asiache bila kuambiwa na mganga.

Maswali
1. Povu la mgonjwa laambukiza?
2. Asiyekula nguruwe hupataje vifuko vya tegu?