Fiji mara mbili: Benjamin Ayimba na kazi ya kukaba

Ukitaka kumfahamu Benjamin Ayimba, anza na matokeo mawili. Kenya 26, Fiji 7: robo fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba, Dubai, Machi 2009. Kenya 30, Fiji 7: fainali ya Singapore, Aprili 17, 2016. Miaka saba ilipita katikati na wachezaji wengi walibadilika, lakini kocha wa Kenya alikuwa yule yule, Ayimba. Na Fiji, ambao katika mchezo huu huogopwa kama Brazil ya enzi zile, mara zote mbili waliambulia trai moja na mkwaju wake.

Najua raga haina wenyewe huku kwetu Mtwara. Mtaani Likombe, mtu akikutana nayo kwenye skrini ya kibanda umiza, anapaza sauti wabadilishe chaneli. Basi tuieleze kidogo. Kila upande una wachezaji saba, na kipindi ni dakika saba tu, lakini uwanja ni ule ule wa wachezaji kumi na watano: mita 100 kwa urefu, karibu 70 kwa upana. Ukiugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, hiyo ni trai, pointi tano. Mkwaju unaofuata ukipita kati ya milingoti unaongeza mbili. Mpira unapigwa pasi kwa mkono kwenda pembeni au nyuma, kamwe si mbele.

Watazamaji husifu mbio. Mimi nadhani mechi hizi huamuliwa na wanaokaba. Watu saba hawawezi kuuziba upana wa mita 70, kwa hiyo kwa kawaida sita hupanga mstari na mmoja hubaki nyuma kulinda. Mkabaji mmoja akivutwa ndani hatua mbili, pembeni kunafunguka njia na hakuna wa kuiziba. Halafu aliyeangushwa lazima auachie mpira, na anayefika wa kwanza akiwa bado amesimama kwa miguu yake anaweza kuunyakua. Kuna jambo jingine ambalo mshabiki wa soka hulishangaa: timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha tena mpira. Ukifunga, ukaupiga juu, kisha mtu wako akaruka na kuudaka, wapinzani wanaweza kukaa dakika tatu bila kuugusa.

Ayimba aliyajua hayo kwa mwili wake. Alizaliwa mwaka 1976, akasoma Maseno, akaichezea klabu ya Impala ya Nairobi, na katika raga ya watu kumi na watano alikuwa namba nane: yule anayekaa nyuma ya skramu, yaani msukumano wa wachezaji walioshikana mabega, na kushinda akiinama juu ya mpira ulio chini. Ni nafasi ya mtu mwenye nguvu anayesoma mchezo upesi. Aliichezea Kenya na kuwa nahodha wa timu ya wachezaji saba kabla ya kukabidhiwa ukocha wake mwaka 2006.

Kule Dubai, Fiji walikuwa mabingwa watetezi. Baada ya kuwatoa, Kenya ilifungwa na Argentina 12-0 katika nusu fainali. Kombe lilikwenda Wales, ambao hakuna aliyewapa nafasi: chini ya kocha Paul John, aliyewahi kuwa mchezaji wa timu ya taifa ya nchi hiyo, waliitoa New Zealand 15-14 na kuifunga Argentina 19-12 kwenye fainali. Wikiendi hiyo vigogo wote walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani kabla ya nusu fainali.

Mwaka 2011 Ayimba aliondoka. Wakaja Mwingereza Mike Friday, kisha Paul Treu wa Afrika Kusini. Friday alifanya kazi nzuri, tuseme ukweli. Aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2013, Moscow. Lakini taji la Mfululizo wa Dunia, mashindano ya kila msimu ambayo Singapore ilikuwa kituo chake kimoja, halikupatikana mpaka Ayimba aliporudishwa mwaka 2015. Huko Singapore, mchezaji Collins Injera, aliyekuwamo Dubai akiwa kijana, alifunga trai mbili katika fainali. Fiji hao hao, miezi minne baadaye, walitwaa dhahabu ya Olimpiki Rio kwa kuifunga Uingereza 43-7.

Kenya, iliyowachapa Aprili, Rio ilipoteza mechi zote tatu za kundi na kumaliza ya 11 kati ya timu 12. Baada ya hapo Ayimba aliondolewa, nafasi ikaenda kwa Innocent Simiyu, mchezaji wake wa zamani. Kwangu mimi uamuzi huo ulikuwa wa haraka mno. Timu inayotegemea kukaba hushuka ghafla miguu inapochoka, na msimu ule ulikuwa mrefu.

Alifariki Mei 21, 2021, akiwa na miaka 44, kwa malaria iliyopanda kichwani. Wasomaji wa Mtwara hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo. Wanaujua kwa watoto wao. Lakini mtu mzima aliyekulia ukanda wa malaria, mwenye kifua cha namba nane, mara nyingi huhesabu homa kuwa uchovu tu. Kipimo cha haraka cha damu hutoa jibu ndani ya dakika zipatazo 20.