Mtumwa Aliyepata Ukoo

Watoto, mkimwuliza mtu wa Kampemba, "Wewe ni wa nani?", atataja baba yake, mama yake na kabila lake, hata kama jamaa yake walitoka mbali, Kasai au Luapula. Mtumwa wa zamani hakuweza kujibu hivyo. Minyororo ilimwumiza shingo, lakini ubaya mkubwa zaidi ulikuwa kukatwa na ndugu zake. Hakuwa na mjomba wa kumtetea, wala mzee wa kumposea mke. Alikuwa wa yule aliyemnunua, basi.

Mmoja wao alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo Watuareg walipomwiba, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876, kule Aljeria, Mapadri Weupe walimnunua ili wampe uhuru. Lakini mtoto angejuaje tofauti siku ile? Fedha zilihesabiwa tena, akapokewa na wageni wengine. Tofauti ilionekana polepole, alipowekwa shuleni, na baadaye alipopelekwa kisiwa cha Malta kujifunza uganga. (Ni uganga wa dawa za hospitali, si wa kupiga ramli!)

Mwaka 1888 alishuka Unguja, akafunga safari ya miguu pamoja na wamisionari. Mwaka 1889 walifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Mpala yetu ya Kongo. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma ziwani.

Huko Karema Atiman alimwoa Agnes Wansahira. Huyu hakuwa mtumwa, alikuwa wa jamaa ya watawala wa Wabende. Nanyi mnajua jinsi wazee wanavyochunguza kabla ya kumtoa binti. Mposaji huyu alikuwa mgeni kabisa, kwao ni mbali kuliko mtu wa pale alivyoweza kufikiri, na tena aliwahi kuuzwa. Hata hivyo ndoa ilifungwa.

Atiman aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini huko Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956, miaka 67 tangu alipofika. Mwana wao Yosefu akawa padri. Baba yake aliingia Karema bila mjomba hata mmoja. Yosefu alikuwa nao, ndugu za mama yake, Wabende.