Mchango Kabla ya Maradhi: Somo la Eldoret kwa Nyumba Zetu

Katika miji yetu ya Mwambao, mgonjwa akilazwa na gharama zikapanda, ndugu na jirani hawalali. Baada ya swala ya Isha mchango huzungushwa msikitini. Akina mama hukusanyika nyumbani kwa mgonjwa, mmoja akatoa fedha za mchezo, mwingine akavua bangili za dhahabu alizotunzwa siku ya harusi yake. Huu ni wema tuliourithi kwa wazee wetu, na ujira wake uko kwa Mola.

Hata hivyo, wema huu una kasoro moja: huja mtu akiwa ameshaanguka. Mama mjamzito aliyeogopa gharama amekwisha kujifungulia nyumbani, na damu inamtoka. Mzee aliyeacha dawa za shinikizo la damu kwa kukosa fedha amekwisha kupooza upande mmoja. Na mara nyingine mchango hukamilika maiti akiwa amezuiliwa kwa deni, hali sharia inatuhimiza kuharakisha mazishi. Nani kati yetu hajapata kusikia kisa cha namna hiyo?

Basi tujiulize: mchango huo huo hauwezi kuyatangulia maradhi? Ili kulijibu swali hili, tumeona vyema tuwachukue wasomaji wetu hadi bara, katika mji wa Eldoret, ambako kwa zaidi ya miaka 20 yamefanyika mambo yenye mafunzo kwetu.

Hospitali iliyotoka nje ya milango yake

Eldoret ni makao makuu ya Kaunti ya Uasin Gishu, mji uliosifika kwa wanariadha wake na kwa mashamba ya mahindi na ngano. Wazazi wengi wa Mwambao wanaujua kwa sababu vijana wao wamesoma Chuo Kikuu cha Moi. Mjini humo ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo tu. Mwaka 1989, chuo hicho kilipokuwa kikijiandaa kufundisha madaktari, kilianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Miaka kumi baadaye wodi zilikuwa zimejaa wagonjwa wa Ukimwi, na dawa zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Mwaka 2001 hospitali, chuo na washirika wao wakaanzisha mpango usiokusudia faida, unaojulikana kwa jina la AMPATH. Mpango huo ulianzia Eldoret na katika kituo cha afya cha Mosoriot, kisha ukaenea katika vituo vingi vya magharibi mwa Kenya.

Madaktari wa mpango huo hawakukawia kugundua jambo ambalo kila mama analijua: dawa haifanyi kazi katika tumbo tupu. Walimpa mgonjwa vidonge, akarudi akiwa dhaifu vile vile, kwani nyumbani hakuna chakula. Wakaanzisha mashamba, wakawa wanawagawia wagonjwa na jamaa zao mboga, maziwa na mayai, na wengine wakasaidiwa kupata njia ya kuchuma riziki. Mwaka 2007 wakapiga hatua nyingine: badala ya kumngoja mgonjwa hospitalini, wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakabisha hodi, wakapima watu virusi vya Ukimwi kwa ridhaa yao na kuwaelekeza wenye kuhitaji tiba.

Akina mama na chama chao

Kwa wasomaji wetu wanawake, lenye faida zaidi ni lile lililoanza mwaka 2012. Wahudumu wa afya huko magharibi mwa Kenya waliona kwamba mama wajawazito hawaendi kliniki, lakini kwenye chama hawakosi. Wakaamua kuileta kliniki ndani ya chama. Mpango huo ukaitwa Chama cha MamaToto. Wajawazito na wenye watoto wachanga hukutana mara mbili kwa mwezi, wakiongozwa na mhudumu wa afya ya jamii. Hufundishana dalili za hatari wakati wa ujauzito, maandalizi ya kujifungua, kunyonyesha, chanjo na malezi. Aliyetaka kuweka akiba pamoja na wenzake aliweka.

Watafiti walipolinganisha wanachama na wasio wanachama, waliona kwamba wanachama walijifungulia hospitalini kwa wingi zaidi, walihudhuria kliniki zaidi, na walidumu zaidi katika kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama peke yake. Sababu haihitaji elimu kubwa kuifahamu. Mama aliyezoea kukaa na wenzake kila baada ya wiki mbili haogopi kuuliza, na asipoonekana, mtu atakwenda kumtazama.

Njia hiyo ilijaribiwa pia kwa wenye kisukari na shinikizo la damu, katika utafiti uliohusisha karibu watu 2,900 wa kaunti za Trans Nzoia na Busia, ambapo wanawake walikuwa karibu saba katika kila kumi. Wengine waliendelea na tiba ya kawaida, wengine walionana na daktari wakiwa kikundi, wengine waliingia katika vikundi vya akiba, na wengine wakapata yote mawili. Shinikizo la damu lilishuka kwa wote, na lilishuka zaidi kwa waliopata yote mawili. Watafiti walikuwa waangalifu, wakasema tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa kila shaka. Nasi twalipokea jambo hilo kwa kipimo hicho hicho.

Kadi ya afya na zamu ya kila nyumba

Chama peke yake hakilipi gharama za upasuaji. Kwa hivyo AMPATH iliongeza jambo jingine: kuwaandikisha wanakijiji katika bima ya afya ya taifa, ambayo wakati huo ilikuwa NHIF. Mfuko huo, uliokuwapo tangu 1966, umekwisha kuondolewa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 imeleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024.

Kwa ufupi, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali kwa kila aliyejiandikisha. Kujiandikisha ni bure, na huweza kufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#.

Malalamiko juu ya utaratibu huu yamekuwa mengi: mitambo hukwama, na hospitali hudai hazilipwi kwa wakati. Ni haki ya raia kulalamika na kudai kilicho bora. Lakini anayekataa kujiandikisha kwa sababu ya kasoro hizo amejiongezea hasara juu ya hasara.

Kikwazo kikubwa kwa nyumba nyingi ni zile shilingi 3,600 za mara moja. Muuza mahamri au mvuvi atazipata wapi kwa siku moja? Hapa ndipo mchezo wetu wa akina mama unapoingia. Wanawake kumi na wawili wakichanga shilingi 300 kila mmoja kwa mwezi, wanapata shilingi 3,600. Kila mwezi italipiwa nyumba moja, na mwaka ukitimia nyumba zote kumi na mbili zimelipiwa. Zamu zisipigiwe kura. Aanze mjamzito, afuate mwenye mgonjwa wa kudumu, kisha mwenye wazee, na wenye afya wakubali kungoja. Aliyekadiriwa zaidi ya kiwango cha chini ataongeza kilichobaki.

Sharia inasemaje?

Wapo wanaotuuliza: bima si haramu? Swali hili ni la kheri, na aliyeuliza ameonyesha uchaji wake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwezi Desemba 1985, liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoharibu mkataba. Likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano, ambayo msingi wake ni kujitolea na kusaidiana. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameutazama mchango wa afya unaosimamiwa na dola kuwa uko karibu zaidi na kusaidiana huko kuliko biashara, nao isitoshe umewekwa na sheria ya nchi kwa kila mkaazi. Aliyebaki na shaka na amuulize mwanachuoni anayemwamini, wala asikae bila kinga kwa sababu ya minong'ono ya barazani.

Msingi wa jambo hili ni wa kale. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba watu wa kabila lake, chakula kilipowapungukia safarini au kikapungua kwa jamaa zao Madina, walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja na kugawana kwa chombo kimoja, sawa kwa sawa. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwasifu na kuwahesabu kuwa ni watu wake. Mwenye kingi na mwenye kichache waliweka pamoja, na hakuna aliyemdai mwenziwe ziada.

Hilo la ziada ndilo tunalotaka akina mama walichunge. Vikundi vingi vya akiba nchini hukopeshana kwa nyongeza, na nyongeza juu ya mkopo ni riba hata ikiwa ndogo, hata ikienda kwa wanachama wenyewe. Chama chetu kiwe na mkopo mwema, unaorudi kama ulivyotoka. Na aliyetangulia kupata zamu ajue kwamba miezi iliyobaki ni deni shingoni mwake. Akiacha kulipa, amemdhulumu dada aliyengoja kwa subira.

Msaada wa mgeni na mchango wa mwenyeji

Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Huduma nyingi za Ukimwi nchini Kenya zikatikisika, na kazi ya AMPATH haikusalimika, kwani sehemu kubwa ya gharama ilitoka huko. Hatuwalaumu waliosaidia, tunawashukuru. Lakini tukio hilo limetuonyesha kwamba mkono wa mbali hukunjwa siku yoyote, bila ya mgonjwa kuulizwa. Vikundi vya akina mama vina nguvu ya aina nyingine, kwa sababu fedha ni zao na daftari liko nyumbani mwao.

Nasi tunavyo vya kuanzia. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, na wamo mitaani mwetu. Madarasa ya akina mama yapo, yanayojaa kila wiki. Kwa nini darsa moja katika mwezi lisimalizikie kwa mhudumu wa afya kupima shinikizo la damu na sukari, na kumsikiliza mjamzito? Waume nao wasilitupe jambo hili kwa wanawake peke yao. Matunzo ya nyumba ni wajibu wa mume, na katika zama hizi ni vigumu kuitunza nyumba ukaiacha bila njia ya tiba. Shilingi 300 kwa mwezi ni shilingi 10 kwa siku.

Tunapendekeza basi kwamba Ijumaa hii kila familia ikae na kujiuliza mambo matatu: ni nani kati yetu hajaandikishwa, ni nani hajapimwa mwaka huu, na jirani gani hana uwezo wa kulipa hata kiwango cha chini. Huyo wa tatu ana haki katika sadaka zetu, na kumlipia leo ni bora kuliko kumchangia kesho akiwa kitandani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awafanyie wepesi wajawazito wetu, na ajaalie mikono yetu itangulie kabla ya dhiki. Amin.