Flashi zinazoongozwa kwa redio, na picha tuliyoikosa

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini katika picha za upadrisho tulizotoa hakuna ile ya Baba Askofu akimwekea mikono shemasi wa pili. Mashemasi walikuwa watatu. Wa kwanza yupo, wa tatu yupo, wa pili hayupo. Picha yake tunayo, ila ni nyeupe pe; ukikaza macho unaona kidogo ncha ya kofia ya Baba Askofu. Chanzo chake ni redio ndogo iliyomo ndani ya flashi, na kwa kuwa siku hizi wapiga picha wengi wa Misa na harusi hapa Mwanza wanazo, tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Flashi ikikaa juu ya kamera hupiga mwanga usoni moja kwa moja. Uso unakuwa bapa kama sahani, na nyuma ya mtu ukutani panabaki kivuli kikali. Ukiiondoa pale na kuisimamisha pembeni, uso unarudiwa na umbo lake. Tatizo ni namna ya kuiambia flashi iliyo mbali iwake papo hapo kamera inapopiga. Zamani ilitumika waya, na waya uliolazwa sakafuni kanisani ni mtego kwa watumishi wa altare. Baadaye zikaja flashi zenye jicho: flashi ya kwenye kamera inakonyeza kwa mwanga, ile ya mbali inaona na kuwaka. Chumbani mbinu hii inafanya kazi vizuri. Lakini mwanga hauwezi kupita ndani ya nguzo ya zege, na nje penye jua jicho lile linapofuka.

Anayetaka kuthibitisha aende jioni na maharusi mbele ya Mwamba wa Bismarck. Jua linazama nyuma yao, ziwa linang'aa kama bati jipya, nyuso zao zinakuwa nyeusi. Hapo ndipo flashi ya pembeni inapohitajika kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo jicho lake limejaa jua kiasi kwamba halioni ishara. Tuliwahi kumsimamisha bibi harusi pale muda mrefu, shela likipeperushwa na upepo wa ziwa, huku mmoja wetu akiifunika flashi kwa kiganja ili ipate kivuli. Wasimamizi walituvumilia, lakini si kwa furaha.

Redio haihitaji kuona. Flashi nyingi za aina hii hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi. Kampuni ya Canon iliweka redio ndani ya flashi yake ya 600EX-RT mwaka 2012. Kitumaji kimoja kinaweza kuongoza hadi flashi 15 kwa umbali wa mita 30. Nikon ilifuata mwaka 2016 na SB-5000. Kabla ya hapo ilibidi ununue vipokezi vya pembeni na kuvifunga chini ya kila flashi. Kilicholeta teknolojia hii mikononi mwa watu wa kawaida, sisi tukiwamo, ni kampuni za China kama Yongnuo na Godox, ambazo ziliuza vifaa hivyo kwa bei ambayo hata kikundi cha habari cha seminari kinaweza kuchangishana.

Kitumaji kinakaa juu ya kamera pale flashi ilipokaa zamani. Ukibonyeza, kamera inakigusa kwa umeme, nacho kinatuma amri hewani. Amri hiyo lazima iwahi wakati shata, yaani lile pazia la ndani ya kamera, likiwa wazi lote. Kwa kamera nyingi mwisho wake ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukipita hapo unapata utepe mweusi ubavuni mwa picha. Kwa jua kali la ufukweni ipo njia ya kuifanya flashi itoe mfululizo wa mianga midogo midogo badala ya mmoja, nawe ukatumia kasi kubwa zaidi, ila nguvu yake inapungua sana na inabidi uisogeze karibu na watu.

Faida kubwa kwetu ni makundi. Flashi iliyo juu kwenye roshani ya kwaya tunaiita kundi A, ya karibu na mlango wa sakristia kundi B, na nguvu ya kila moja, kuanzia kamili hadi 1/128, tunaibadilisha kwa vidole bila kuondoka mahali tulipo. Kabla ya hapo, kupunguza nguvu ya flashi kulimaanisha kutembea hadi ilipo. Wakati wa Litania ya Watakatifu, mashemasi wamelala kifudifudi mbele ya altare na kanisa zima limepiga magoti, hakuna anayependa kuona mpiga picha akikatiza mbele yao na viatu vyake vya kulia.

Sasa turudi kwenye ile picha. Siku hiyo palikuwa na wapiga picha wanne, na mmoja alikuwa na flashi za chapa sawa na zetu. Vifaa hivi vikitoka kwenye boksi huwa chaneli 1, na hakuna kati yetu aliyebadilisha. Yeye aliwasha flashi yake baada ya shemasi wa kwanza, akaiweka hatua mbili tatu kutoka kwa Baba Askofu, kwa nguvu ndogo kama inavyofaa kwa umbali huo. Sisi tulikuwa tumeiamuru kundi A, iliyo mbali kule roshani, ipige kwa nusu ya nguvu. Tulipobonyeza, amri yetu ikaifikia na flashi yake pia. Ikatii. Ikapiga nusu ya nguvu puani mwa watu. Shemasi wa tatu alinusurika kwa kuwa flashi ile ilikuwa bado inajijaza umeme.

Naye mwenzetu hakusalimika: kila alipobonyeza, flashi zetu ziliwaka na kummalizia mwanga aliokuwa ameupima. Kuwekewa mikono hufanyika kimya na mara moja. Hakuna anayeweza kumwomba Baba Askofu arudie. Mama wa padre yule mpya, mkazi wa Ukerewe, alikuwa ameitaka picha hiyo kwa ajili ya sebule yake. Tulimpa ya kupakwa Krisma, akashukuru, na hilo lilituumiza zaidi kuliko angetugombeza.

Kwa hiyo tunaulizana chaneli kabla ya Misa. Vifaa vya Godox vina chaneli 32, na matoleo ya karibuni yana namba ya utambulisho pia, 01 hadi 99. Flashi haitii mpaka vyote viwili vilingane. Vingi vinaweza vyenyewe kutafuta chaneli iliyo tulivu, jambo la maana mahali penye Wi-Fi nyingi. Baba Paroko mmoja alituuliza kama redio hizi zitaharibu maikrofoni zake. Maikrofoni nyingi zisizo na waya hutumia masafa mengine, lakini zipo zinazotumia 2.4 hiyo hiyo, hivyo jaribuni mapema.

Jaribio la Jumamosi katika kanisa tupu, hata hivyo, lisikudanganye. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya mawimbi haya. Waumini wakijaa na kusimama, ishara iliyofika jana huenda isifike leo. Inua stendi juu ya vichwa vya watu. Na kama flashi iliyo karibu nawe kabisa inagoma huku ya mbali ikiwaka, angalia kwenye mipangilio ya kitumaji: baadhi vina chaguo la umbali mfupi, mita 0 hadi 30, na mara nyingi dawa ndiyo hiyo.

Kwa upadrisho ujao sisi tumeshachagua chaneli 11. Mpiga picha yeyote atakayekuja na vifaa vya aina hiyo atukute mlangoni mwa sakristia nusu saa kabla ya maandamano.