Jedwali tanzu (kanzidata)

Jedwali tanzu ni jedwali dogo linalofunguka chini ya mstari mmoja wa jedwali lingine katika programu ya kanzidata ya kompyuta ya mezani. Huonyesha rekodi zote zinazohusiana na mstari huo bila mtumiaji kuondoka kwenye jedwali alilolifungua kwanza, ambalo huitwa jedwali mama. Njia hii inajulikana hasa kutokana na programu ya Microsoft Access. Programu hiyo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1992, na majedwali tanzu yaliongezwa katika toleo la Access 2000.

## Asili

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala iliyoweka msingi wa kanzidata za uhusiano. Alipendekeza kwamba jedwali lisibebe jedwali lingine ndani ya visanduku vyake. Badala yake data zigawanywe katika majedwali sahili yanayounganishwa kwa thamani za pamoja.

Faida yake ni kwamba anwani ya mteja huandikwa mara moja tu, hata kama ameagiza bidhaa mara mia. Ikibadilika, husahihishwa mahali pamoja. Ugumu wake ni kwamba habari za mteja mmoja hutawanyika katika majedwali kadhaa. Jedwali tanzu huzikusanya tena mbele ya macho ya mtumiaji, lakini data zenyewe hubaki katika majedwali yao.

## Jinsi linavyofanya kazi

Jedwali mama huwa na ufunguo wa msingi, yaani safu ambayo thamani zake hazijirudii, kwa mfano namba ya mteja. Jedwali la pili, kwa mfano la oda, huwa na safu inayotaja namba ya mteja aliyetoa kila oda. Safu hiyo huitwa ufunguo wa kigeni.

Upande wa kushoto wa kila mstari wa jedwali mama huonekana alama ya kujumlisha (+). Ikibofywa, programu husoma ufunguo wa mstari huo, hutafuta rekodi zenye thamani ileile katika jedwali la pili na kuziorodhesha hapo chini. Alama hugeuka kuwa ya kutoa (−), na ikibofywa tena orodha hufungwa. Mtumiaji akiandika rekodi mpya katika orodha hiyo, programu hujaza ufunguo wa kigeni yenyewe.

Katika Access, jedwali tanzu linaweza kuwa na jedwali tanzu lake, hadi ngazi 8. Hata hivyo kila jedwali huruhusiwa kuwa na moja tu kwa wakati mmoja.

## Mfano

Northwind ni kanzidata ya mazoezi iliyotolewa na Microsoft, inayohusu kampuni ya kubuni inayouza vyakula. Toleo lake la zamani lina wateja 91 na oda 830. Mteja wa kwanza katika orodha ni Alfreds Futterkiste wa Berlin. Alama iliyo kando ya jina lake ikibofywa, hutokea oda zake 6. Ikibofywa alama ya oda namba 10643, hutokea bidhaa 3 zilizoagizwa, pamoja na bei na idadi ya kila moja. Kama majedwali hayo yangeunganishwa katika orodha moja ndefu, jina la mteja lingerudiwa kwa kila bidhaa.

## Tahadhari

Jedwali tanzu si picha tu ya data. Kila badiliko linalofanywa humo huingia moja kwa moja katika jedwali la pili, na rekodi ikishafutwa na ufutaji kuthibitishwa, hairudishwi kwa amri ya kutengua.

Kufuta mstari wa jedwali mama kunahitaji uangalifu zaidi, hasa orodha iliyo chini yake ikiwa imefungwa na haionekani. Matokeo hutegemea jinsi uhusiano ulivyowekwa:

* Kama uhusiano unalindwa, programu hukataa kufuta mzazi mwenye rekodi zinazomtegemea.
* Kama umewekewa ufutaji wa mfululizo, rekodi zote zinazomtegemea hufutwa pamoja naye.
* Kama haulindwi, rekodi hizo hubaki mayatima: zinataja namba ya mteja ambaye hayupo tena.

Tatizo lingine ni kasi. Kwa kawaida Access hujitafutia yenyewe jedwali tanzu la kila jedwali. Data zikiwa kwenye seva na kutumiwa na watu wengi kupitia mtandao, utafutaji huo huchelewesha kufunguka kwa majedwali. Kwa sababu hiyo Microsoft ilishauri sifa hiyo izimwe, na jedwali tanzu liwekwe tu pale linapohitajika.

Kwa kazi za kila siku za ofisi, waundaji wengi wa kanzidata huwapa watumiaji fomu yenye fomu ndogo ndani yake. Fomu hufuata uhusiano uleule wa funguo, lakini huweza kumzuia mtumiaji kufuta au kubadilisha asichopaswa kukigusa.