Mjusi wa Tendaguru na Watu Waliombeba

Askari yeyote aliyewahi kutembea kutwa nzima na mzigo mgongoni ataielewa habari hii bila kuelezwa mara mbili. Inamhusu mnyama mkubwa kupita kiasi, aliyeishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na watu waliombeba mfupa kwa mfupa kutoka porini hadi pwani.

Kilima cha Tendaguru kiko kusini mwa Tanzania, katika Mkoa wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona huko mfupa mkubwa uliogeuka jiwe, umejitokeza ardhini. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika kuhakikisha jambo hilo, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya mjini Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha karibuni tu, vikiacha njaa na misiba katika sehemu hizo hizo za kusini.

Walioongoza kazi hiyo kwa jina walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Walioshika majembe na sululu walikuwa Waafrika, na kazi ilipopamba moto idadi yao ilifika mamia. Wengi walikuja na wake na watoto wao, hata kambi ikageuka kijiji. Mmoja wao, Boheti bin Amrani, alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja.

Kazi hiyo haikuwa ya nguvu tupu. Mfupa wa namna hiyo ni mzito kama jiwe, lakini huvunjika kama chungu. Ilibidi udongo uondolewe taratibu, mfupa ufunikwe kwa plasta au udongo, kisha ufungwe vizuri kwa safari. Hapakuwa na reli wala lori. Wapagazi walijitwisha mizigo hiyo na kutembea siku tatu au nne mpaka bandari ya Lindi. Mifupa iliyofika Ujerumani ilizidi tani 200. Pima mwenyewe, msomaji, ni vichwa na mabega mangapi yaliyohitajika.

Mkubwa kati ya wanyama hao leo huitwa kitaalamu Giraffatitan, kwa kuwa umbo lake lilimkumbusha mtu twiga: miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, na shingo iliyopanda juu. Kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, nacho kina kimo cha zaidi ya mita 13, sawa na nyumba ya ghorofa nne. Watoto nyumbani watauliza: shingo nzito kama hiyo ilibebwaje? Wataalamu wanajibu kwamba pingili zake zilikuwa na nafasi za hewa ndani, kama ilivyo mifupa ya ndege, kwa hiyo shingo haikuwa nzito kama ilivyoonekana. Mnyama huyo hakutafuna. Alichuma majani na kuyameza, na kwa shingo hiyo aliweza kufikia chakula kingi akiwa amesimama pale pale.

Kwa miaka mingi majina ya kitaalamu ya wanyama wa Tendaguru yaliwatukuza wageni. Mabadiliko yamekuja polepole. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa huko wenye shingo ndefu ilipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 nyingine iliitwa Wamweracaudia keranjei, ikiwakumbuka Wamwera, wenyeji wa sehemu hizo, na Mohammadi Keranje, aliyeigundua mifupa yake. Mwaka huo huo mnyama aliyepatikana katika kingo za mto Mtuka, kusini magharibi mwa Tanzania, alipewa jina la Kiswahili kitupu: Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Kabla yake, mwaka 2017, alitangulia Shingopana. Majina hayo hatuhitaji kutafsiriwa.

Hata hivyo, jina si mfupa. Kiunzi kingali Berlin, na Watanzania wamekuwa wakijadiliana kwa miaka mingi kama kirudishwe kwao. Mtoto wa Lindi anayetaka kukiona kile ambacho huenda babu wa babu yake alikibeba, hana budi kuvuka bahari.

Sisi wa Uganda tusidhani kwamba habari hii ni ya jirani peke yake. Huko Karamoja, katika sehemu za Napak na Moroto, imepatikana mifupa ya nyani wa kale walioishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Hao si dinosaria, ambao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, lakini mifupa yao ni hazina ile ile. Askari na polisi wanaolinda sehemu hizo hupita mahali ambapo mtaalamu hafiki kwa urahisi. Ukiona mfupa ndani ya jiwe, usiung'oe wala usiubebe uwe kumbukumbu ya nyumbani, maana ukiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake. Kumbuka mahali, kisha toa taarifa kwa ofisi ya wilaya au kwa Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira, Kampala.

Na siku ya mapumziko, wapeleke watoto kwenye makumbusho hayo. Wakikuuliza nani aliyevichimba vitu vya kale, usiwatajie mabwana wakubwa peke yao. Watajie pia Boheti na Keranje.