Tomati ya manjano na ya rangi ya machungwa: gani iko tamu zaidi?

Kwa wakaaji wengi wa Goma, Bukavu ao Bunia, tomati nzuri ni ile nyekundu. Lakini Wakongomani wenye kuishi Marekani wanaonaka huko, mu bustani za nyumbani, tomati za zamani ambazo zikiiva zinakuwa za manjano ao rangi ya machungwa. Picha zikifika ku simu, jamaa huku wanauliza: hizo si bado mbichi?

Hapana, zimeiva. Moja inaitwa Kellogg's Breakfast, kubwa, rangi ya machungwa, nyama mingi, mbegu kidogo. Wengi wanaisifu kwa utamu. Ingine ni Yellow Pear, ndogo, ya manjano, yenye umbo kama avoka. Hiyo inazaa sana, lakini wengi wanasema ladha yake ni nyepesi.

Rangi inasema nini?

Tomati nyekundu inajaa likopeni. Ya manjano ina kidogo sana. Za rangi ya machungwa ziko namna mbili: zingine zina likopeni ya umbo tofauti, zingine zina beta-karoteni mingi, ile ile inayotia rangi karoti na mafuta ya mawese, na ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Hizo ni heri kuzila pamoja na mafuta kidogo.

Sehemu ya harufu ya tomati inatokana na rangi hizo zinapovunjika. Njo maana ya manjano mara nyingi ina harufu ya pole, na ya machungwa inaonjeka kama tunda.

Lakini wanasemaka pia kwamba tomati ya manjano haina uchachu. Hapo watu wanadanganyika. Uchachu unafuata aina ya mbegu, si rangi. Mara nyingi uko pale pale, ila sukari inaufunika. Mwenye kusumbuliwa na kiungulia asiamini rangi tu.

Kinachoharibu ladha

Tomati ile ile inaweza kuwa tamu kwa jirani mmoja na kuwa kama maji kwa mwingine. Ikichumwa kijani ili isafiri mbali, inapata rangi njiani lakini sukari inabaki kidogo. Maji mingi wakati wa kuiva yanapunguza ladha. Frigo nayo inaua harufu. Heri kuiacha ku meza.

Mwenye kutaka kulinganisha achume zote siku moja, zikiwa zimeiva ku mti, azikate, azionje bila chumvi, macho yakiwa yamefungwa. Wengi watashangaa kile watachagua.

Kuchunga mbegu

Faida kubwa ya tomati za zamani ni hii: watoto wake wanafanana na mama. Mbegu ya hibridi haiko vile; ukipanda mbegu zake, unaweza kuvuna kitu kingine kabisa.

Mtu akipata tomati ya zamani inayomupendeza, achague tunda lililoiva la mti usio na ugonjwa. Akamue mbegu na maji yake mu kopo, aache siku mbili ao tatu mpaka ule utelezi utoke, asafishe, aanike ku sahani kivulini, kisha aweke mu karatasi pahali pakavu. Zinaweza kukaa miaka kadhaa.

Musimu unaofuata, utamu ule ule unarudi mu parsele, bila kutoa franga ya mbegu.